Zumari ya Mtu Aliyeshiba

Kwa miaka mingi watu wa Simpani walijua mambo mawili kuhusu Dilsara: kwamba blauzi aliyoishona yeye haifumuki kwapani, na kwamba ukimchokoza kwa neno moja anakurudishia matatu. Jambo la tatu, kwamba anaweza kupuliza zumari, lilikuja baadaye, wanaume walipokwisha kijijini.

Si kwamba walikufa. Walikwenda Katari, Dubai na Malesia, na kila aliyeondoka alisindikizwa na beni iliyopungua mtu mmoja. Dilsara na mumewe Manbir ni Wadamai, na katika vilima vile vya Nepali Mdamai huzaliwa na kazi mbili mkononi: kuwashonea watu nguo na kuwapigia muziki wa arusi. Arusi isiyo na beni ya Wadamai ina nuksi. Bwana arusi hathubutu hata kuvuka kizingiti. Lakini kizingiti hichohicho Mdamai mwenyewe haruhusiwi kukivuka. Nguo aliyoilaza mapajani kutwa nzima, Mbahun wa tabaka la juu ataivaa na kuisifu. Maji aliyoyagusa kwa ncha ya kidole, Mbahun huyohuyo atayamwaga. Tangu utotoni Dilsara alilitafakari jambo hili, na hakupata wa kumweleza likamwingia akilini. Sheria ilishalikataza zamani, ni kweli. Ila sheria hukaa mjini, na jungu la wali hukaa nyumbani kwa watu.

Manbir alikuwa fundi wa zumari asiye na mfano mpaka kifua kilipomsaliti. Daktari alisema ni vumbi la pamba na moshi wa jiko, akamkataza kupuliza. Alikaa barazani msimu mzima akiitazama zumari yake imening'inia ukutani, mpaka mkewe akachoka kumwona.

"Nifundishe mimi," alimwambia.

"Wewe? Mama Kiran, mwanamke hapulizi zumari."

"Mwanamke hapulizi moto kila asubuhi? Leta hiyo."

Akamfundisha. Alimwekea bakuli la maji na mrija, apulize mapovu yasikatike, mashavu yakitoa pumzi huku pua ikivuta nyingine. Siku za mwanzo Dilsara alikuwa akijimwagia maji kifuani, na mkwe wake Sirjana, mke wa mwanawe Kiran aliyeko Katari, akicheka hadi kushika mbavu. Kisha mapovu yakaacha kukatika. Sirjana akachukua ngoma ndogo, wanawake watatu wa jirani wakachukua matoazi, tarumbeta na ngoma kubwa. Kijiji kilikuja kuwacheka katika arusi ya kwanza, kikaishia kucheza. Miongoni mwa masharti ya Manbir, moja alilikazia sana: "Usipulize ukiwa umekula. Baba aliniambia, na babu alimwambia yeye. Mpiga zumari hula mwisho."

Basi msimu wa arusi ulipofika, Bibi Bhadra alishuka na mkongojo wake kutoka nyumba kubwa ya juu. Familia ya Manbir iliishonea nyumba hiyo tangu enzi za babu, ikilipwa nafaka kila mavuno. Dilsara mwenyewe ndiye aliyemshonea mjukuu wa Bibi, Nirajan, kijishati chake cha kwanza cha kitoto. Sasa Nirajan anaoa.

Bibi aliketi juu ya jiwe ukingoni mwa uwanja, mahali alipozoea, mbali kidogo na baraza.

"Dilsara we! Jumatano mtanipelekea mjukuu wangu akachukue mke. Na suti yake iwe tayari, isimbane kama ulivyombana baba yake."

"Baba yake alinenepa kati ya kupimwa na kuoa, Bibi. Hilo si kosa la mkasi."

Bibi alicheka. Walipendana wale wawili, kwa namna yao, kila mmoja upande wake wa uwanja. Ndipo Dilsara akalitoa lililokuwa likimkaa kooni.

"Nitakuja, Bibi. Lakini safari hii tutakula mstarini na wenzetu, kabla ya safari. Hatutakula kule chini kwenye zizi, watu wakishanawa."

Sirjana aliyekuwa akipepeta dengu aliganda na ungo mkononi. Bibi alilitazama jiwe alilokalia, kana kwamba limempasha moto.

"Rudranath atasema nini?" aliuliza. Rudranath ni mwanawe mkubwa, baba yake Nirajan, mwenye duka la mabati sokoni, na ndiye msimamizi wa arusi.

"Atasema anayosemaga. Mimi nimekuuliza wewe."

Bibi alichora mchangani kwa mkongojo, akafuta, akachora tena. "Mtakula uwanjani," alisema mwishowe. "Mstarini. Nimesema."

Usiku ule Manbir hakulala vizuri. Alijua kuna beni ya sokoni yenye spika na kofia zenye shada, na Rudranath alikuwa akiitamani siku nyingi. "Ukiwaudhi, watawaita wale," alisema. "Na nyumba ile ikitutupa, zilizobaki zitafuata. Tumekula mwisho maisha yetu yote, Mama Kiran, na hatujafa."

"Hatujafa," alijibu Dilsara. "Basi ndiyo sifa yetu hiyo?"

Lakini ukweli ni kwamba naye aliogopa. Zumari ilimpa furaha ambayo cherehani haikuwahi kumpa, na hakutaka kuipoteza kwa ajili ya sahani ya wali.

Hapa lazima niseme juu ya mstari wenyewe. Katika karamu za Wabahun watu huketi chini wakiwa wamepangana, kila mmoja na sahani yake ya majani, na akishaweka tonge la kwanza mdomoni haruhusiwi kuinuka mpaka wote wamalize. Mmoja akiinuka, mstari umevunjika: wote huacha chakula kilichobaki, hata kama nyama ndiyo kwanza inaletwa. Na ukivunjika mstari wa bwana arusi mwenyewe, Mungu apishe mbali, ndoa imeanza kwa mkosi. Simpani wanamkumbuka mzee aliyeingiliwa na nyigu ndani ya suruali katikati ya karamu, akaumwa kuumwa kweli, na hakuinuka. Alikula huku machozi yanamtoka, wageni wakidhani amefurahia ndoa.

Jumatano asubuhi beni ilipanda. Nirajan alitoka na suti yake, na kwa mara ya kwanza tangu Dilsara amjue alionekana mtu mzima. Rudranath alikuwa kila mahali, jasho likimchuruzika ndani ya kizibao cheusi, kazi ya mikono ya Dilsara nacho. Alipowaona wanawake watano na vyombo vyao alionyesha kwa kidevu.

"Kaeni kule mwisho."

Mstari ulianzia kwa bwana arusi na kuhani, wakafuata wajomba, kisha wazee, na mwisho wao alibakisha nafasi yake Rudranath mwenyewe. Baada ya nafasi hiyo mkeka uliendelea mtupu, upana wa kutosha watu wawili. Kisha, mwisho kabisa, zilikuwapo sahani tano. Katikati ya utupu ule mtu alikuwa amenyunyiza mstari wa maji, mpaka wa kutenga tabaka na tabaka.

Bibi alikuwa amesema mstarini, na mstarini walikuwa. Rudranath alitimiza agizo la mama yake kama mfanyabiashara anayetimiza uzani huku kidole kikiwa juu ya mizani.

Sirjana alinong'ona, "Mama, twende zetu. Hii ni aibu kuliko zizi."

"Kaa."

"Mama!"

"Kaa, mwanangu. Usile mpaka nile."

Dilsara alikaa wa kwanza, karibu na ule utupu. Alihisi moto kifuani, hasira ya miaka na miaka, na alijua akiinuka sasa atatukana, na akitukana atakuwa amewapa sababu. Wali ukaja, dengu, mboga ya majani, achari, samli juu. Rudranath alikagua masufuria kwa mara ya mwisho, akaja kuketi. Kuhani akasema maneno yake. Bwana arusi akala tonge. Wajomba wakala. Rudranath, mwenye njaa ya tangu alfajiri, akatia tonge kubwa mdomoni.

Hapo Dilsara akainua sahani yake kwa mikono miwili, na kabla hajaonja hata punje, akasogea. Hakusimama. Alijiburuza juu ya mkeka kwa makalio, akavuka mstari wa maji, mpaka goti lake likawa hatua fupi tu kutoka goti la Rudranath. Akaweka sahani. Akala tonge. Sirjana akafuata, kisha wale wengine, mmoja mmoja, na utupu ukahamia mwisho wa mkeka, kule ambako haumtengi mtu.

Rudranath aliacha kutafuna. Alimtazama Dilsara, akatazama sahani yake, akatazama kule kwa Nirajan anayekula kwa furaha bila habari. Miguu yake ilianza kujikunja kwa kuinuka, na mstari mzima ukaliona hilo. Mjomba mmoja aliyekuwa ameshika tonge alilishusha taratibu, kwa huzuni, kama anayeliaga.

"Rudra!" Sauti ilitoka mlangoni. Bibi Bhadra amesimama na mkongojo. "Kula, mwanangu. Nyama bado inakuja."

Miguu ikakunjuka. Rudranath akameza, na wote walisikia alivyomeza.

Wakala. Mwanzoni zilisikika sauti za midomo tu. Nyama ikaja, na anayepakua alisita mbele ya Dilsara, akamtazama Rudranath. Rudranath akatazama anga. Basi anayepakua akapakua, na kwa haraka ya kumaliza, akamwagia mara mbili ya wengine. Mjomba naye akapata mfupa wake.

"Achari kali," alisema Rudranath baada ya muda, akiiambia sahani yake.

"Kali kweli," alijibu Dilsara, akiiambia yake. Kisha hakujizuia. "Na kizibao kinakubana tumboni. Ulete niachie pindo."

Mjomba alipaliwa. Rudranath aliiva uso mzima, akafungua kifungo cha chini, akapumua. "Nitamtuma mtu," alisema.

Walinawa pamoja. Bwana arusi akapandishwa farasi, na Dilsara akaweka zumari mdomoni. Alianza vizuri, wimbo wa kutoka nyumbani, ukashuka na upepo hadi bondeni. Lakini kwenye ngazi za mawe, pale njia inapopanda kwa ukali, tumbo lilijaa mpaka chini ya mbavu, pumzi ikakosa pa kukaa. Akatoa mbweu. Wimbo ukakatika katikati, mbele ya msafara mzima. Hata farasi aligeuza kichwa. Nirajan aliangua kicheko, watu wote wakafuata, na Dilsara alicheka kuliko wote kabla hajaudaka wimbo tena.

Walirudi kesho yake na bibi arusi. Manbir alikuwa barazani akimngoja, uso umemkauka.

"Jana kwenye ngazi ulikatika," alisema. "Nilisikia hadi hapa. Nikasema wamemfanya nini mke wangu mpaka pumzi imemwisha."

"Haikuwa pumzi."

"Nini basi?"

"Wali."

Manbir alimtazama. "Mstarini?"

"Mstarini. Kando ya Rudranath. Ulikuwa na samli."

Manbir aliweka mikono magotini. Dilsara alingoja afurahi, lakini uso wake ulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyebeba mzigo safari nzima akaambiwa kumbe haukuwa wake. "Baba alisema ni kanuni ya zumari," alisema taratibu. "Mpiga zumari hula mwisho. Alinipiga kofi siku moja kwa kudokoa mkate kabla ya kazi. Akasema naharibu sanaa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Sijui kama alijua kanuni ile ilitoka kwa waliotulisha mwisho, maskini."

Dilsara alikaa karibu naye, akamwekea zumari mapajani.

Jioni ile walikula mapema, wote watatu, wakashiba. Sirjana alipoondoa sahani, Manbir aliingia ndani na kutoka na bakuli la maji na mrija, akaviweka mbele ya mkewe.

"Sasa hivi?" alilalamika Dilsara. "Tumbo limejaa hivi?"

"Ndiyo sasa," alisema Manbir. "Hii ya kupuliza umeshiba hakuna aliyenifundisha. Tutaitafuta pamoja. Puliza."