Jeli ya Bibi Harusi na Chumvi Yangu

Mtaa mzima wa Nyakato, tangu biashara huria iruhusiwe, mkemia wa jeli ya nywele ni mmoja tu. Mimi!

Leo asubuhi nimekoroga unga wa jeli, maji na spiriti kwa ajili ya saluni ya mke wangu.

Ikawa nzito. Nikataka izidi, nikatia chumvi, kama tunavyofanya kwenye sabuni ya maji.

Jamani, ikalegea!

Nikaongeza chumvi. Ikawa maji kabisa.

Na bibi harusi yuko kwenye kiti, kanisani wanamsubiri!

"Baba Kulwa, sasa nimpake mchuzi?" mke wangu akaniuliza.

Ikakorogwa nyingine, bila chumvi. Ikasimama kwenye kijiko!

Bibi harusi katoka anang'aa, wapambe wake wameagiza ya kwao.

Nipeni hongera basi.

Ingawa hiyo ya pili kakoroga mke wangu. Mimi niliruhusiwa kushika ndoo tu.