Nyuma ya Sikio la Mpiga Banjo

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mzee Osea Nzunda hukipulizia pumzi kioo cha picha iliyo ukutani, akakifuta kwa mkono wa koti, kisha huimba do moja ya chini, kama anayeipa kwaya sauti ya kuanzia.

Picha yenyewe ni jalada la karatasi za muziki wa zamani wa Amerika: wanaume wanne weusi tii, macho kama sahani, midomo myekundu iliyopanuka hadi masikioni, mmoja akipiga banjo. Alizawadiwa na mgeni mzungu aliyekuja kijijini kwao Ruanda kuisikiliza kwaya yake, mbele ya watu wote, kwenye karamu ya kumuaga.

"Hawa ni ndugu zako," mkalimani alimwambia. "Wanamuziki wakubwa."

Osea alikuwa kijana, kwaya ndiyo kwanza ina mwaka. Ndani ya jalada mlikuwa na noti za vidoa na mistari, na yeye, kama walimu wenzake wa kwaya, alijua solfa tu, za herufi, na Kiingereza cha maneno yake hakukijua. Akautia wimbo wote kwenye fremu, akimngoja wa kumsomea.

Mwaka huu kwaya inatimiza miaka hamsini. Osea aliamua ndugu zake wale wakae kifuani, kwenye fulana sitini za jubilei. Akamtuma mjukuu wake Dina, aliyemaliza chuo juzi, aipeleke picha mjini Tunduma, mpakani, ikachapwe.

Danford, fundi wa kuchapa, aliitoa kwenye fremu, akaiingiza kwenye kompyuta, akaangua kicheko.

"Dada, hii kwaya au sarakasi? Mkivaa hizi, Wazambia watavuka mpaka kuja kutucheka!"

Dina, ambaye huona haya hata kuagiza soda, alisogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Ikuze hapo," alisema.

Nyuma ya sikio la mpiga banjo, rangi haikufika. Ngozi ilikuwa nyeupe.

"Ni wazungu," Dina alisema. "Wamejipaka masizi."

Alizichukua karatasi za ndani, akayasoma maneno ya wimbo akiwa amesimama: mtu mweusi mvivu, mwizi wa kuku, anayeililia fimbo ya bwana wake. Akayasoma tena.

"Usichape, kaka. Nirudishie kwenye fremu."

Babu yake alikuwa akimsubiri barazani.

"Fulana lini, mama?"

Dina alimweleza yote. Kwamba zamani wazungu wa Amerika walijipaka hivyo jukwaani kuwakejeli watu weusi, na nyimbo zao zikauzwa zikiwa na picha kama hii. Osea alisikiliza huku ameipakata fremu mapajani.

"Lakini wimbo wenyewe? Wimbo ni mzuri?"

"Wimbo ndio mbaya zaidi, babu."

Asubuhi Osea aliitundika palepale, akasimama mahali pake pa siku zote. Alikipulizia kioo, kikafunikwa na mvuke, lakini mkono wa koti haukuinuka. Mvuke ukayeyuka wenyewe, sura zikarudi moja moja, midomo ikitangulia. Do hakuiimba.

Dina alikuwa mlangoni na kikombe cha chai kinachopoa.

"Babu, siku ile yule mzungu anakupa, alicheka?"

"Alicheka," Osea alisema. "Nikadhani amefurahi, nikacheka naye."