Mkaa aliofukia bibi

Leo hapa Mwandiga bibi yangu katunyang'anya jiko mchana kweupe, na bado namvulia kofia!

Baba alitaka kuukata mvule wa mpakani, achane mbao za mtumbwi.

Jirani yetu Mama Zawadi akagoma. Mti ni wake, tena haukatwi bila kibali.

Kelele mpaka mwenyekiti wa kijiji akaja.

Bibi akaonyesha kwa fimbo katikati ya ua WETU. "Chimbeni."

Ukatoka mkaa.

"Mpaka ndio huu. Mkaa hauozi; niliufukia mwenyewe uwe alama tulipogawiwa viwanja, enzi za Ujamaa."

Yaani mvule ni wa Mama Zawadi. Na jiko letu liko kwake!

Baba: "Mama, si ulikuwa umenyamaza miaka yote?"

"Jiko nililinyamazia. Mti siwezi."

Nyie mngemjibu nini? Baba kaenda kurudisha msumeno aliouazima.