Namba Tano Niliyoifuata Hadi Homa Bay

Nilitoka Suna, mjini Migori, Alhamisi asubuhi kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Nalisema mapema ili nyinyi mlioko Pwani, mnaopenda kuniuliza nimefuata nini huku bara, msidhani nilikwenda Homa Bay kula samaki. Samaki nilikula, lakini hilo litakuja mahali pake.

Miaka hiyo ya tisini duka langu la spea lilikuwa na jina zuri mjini Migori. Oili yangu haikuwa ya kuchanganywa, na mtu akiniuliza atie oili gani, nilimjibu kabla hajamaliza swali. Oili ya gia nilikuwa nayo ya aina mbili. Mkebe mmoja uliandikwa namba nne, mwingine namba tano, na wa tano ulikuwa ghali zaidi. Mimi niliyekwenda shule nikajua kuwa darasa la tano linapita la nne. Basi nikawa nawaambia watu, "Ukitaka iliyo bora, chukua namba tano. Tia kwenye difu kule ekseli ya nyuma, tia na kwenye gia boksi. Utanishukuru."

Jumatano, siku moja kabla ya safari hiyo, fundi Ouma, mzee mwenye gereji ya uwanjani nyuma ya duka langu, aliniita. Alikuwa amefungua gia boksi ya mteja mmoja wa Masara, kule wanakochimba dhahabu. Oili aliyoimwaga kwenye karai ilikuwa ikimetameta juani.

"Huyu amechimba mpaka ndani ya gari!" nikasema, nikacheka.

Ouma hakucheka. Alichovya vidole, akaisugua oili, akanionyesha chembe za manjano.

"Jaduka," alisema, maana huku mtu wa duka huitwa hivyo, "hii si dhahabu. Ni shaba. Ndani ya gia boksi kuko na pete za shaba, ndio zinafanya gia iingie bila kulia. Hii oili iko na dawa kali. Imekula pete."

"Lakini hiyo ni namba tano. Ndiyo bora."

"Ni bora kwa difu. Kule meno ya chuma inasagana na nguvu mingi, inataka dawa kali. Huku kwa shaba, apana. Huku ni namba nne. Nani alimwambia aweke hii?"

Alijua jibu. Nami nilijua, na masikio yaliniwaka moto. Na yule mtu wa Masara tulielewana hapo hapo kwamba nitamtafutia pete mpya. Lakini nilipokaa kufikiri, nikakumbuka kuwa walikuwa wawili waliotia namba tano kwenye gia boksi kwa neno langu. Wa pili alikuwa Mama Adhiambo wa Homa Bay.

Mama huyu alikuwa akinunua samaki ufukweni, akiwapakia na barafu kwenye pikapu yake kuukuu ya Kijapani, na kila Ijumaa akiwapeleka Kisii mwenyewe, usukani mkononi, leso kiunoni. Miezi mitatu nyuma alikuja mpaka Suna kwa sababu alisikia kwangu hakuna udanganyifu. Nilimwekea mikebe miwili mbele, akaisukuma kando.

"Mimi sisomi mkebe," aliniambia. "Mimi nasoma mtu." Akanitazama usoni kwa muda, akachukua namba tano.

Sasa fikirini. Keshokutwa yake ilikuwa Ijumaa. Milima ya Kisii mnaisikia tu. Ina mpando na ina mteremko, na mwenye mzigo hushuka kwa gia ya pili, si kwa breki peke yake. Gia hiyo ikikataa kuingia katikati ya mteremko, pikapu ile haingesimama mpaka chini. Simu Mama Adhiambo hakuwa nayo. Ningeweza kutuma barua, lakini barua haifungui nati.

Saa moja na nusu asubuhi niliwasha gari langu. Nyuma nilipakia mikebe ya namba nne, spana, karai, mrija na faneli. Ouma alinishika mkono dirishani, akasema, "Imwage ikiwa moto. Ikiwa baridi uchafu inabaki chini." Nikamwambia najua. Hilo kwa kweli nilikuwa nalijua.

Nilipofika Awendo matrekta ya miwa yalinishika. Moja mbele, jingine mbele ya lile, na miwa inadondoka barabarani. Nikautumia mwendo huo wa kobe kutunga maneno ya kumwambia yule mama. Nilitunga hotuba tatu. Ya kwanza iliwalaumu waliotengeneza oili. Ya pili iliilaumu pikapu kwa uzee. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ya Kiswahili cha mimbari, na mtu akiisikia mpaka mwisho hangejua nani alikosa.

Saa tatu nikaingia Rongo, kwa Hamisi, mwenzangu wa msikitini na wa biashara, naye ana duka la spea. Aliniandalia chai na mahamri, nikamweleza safari yangu. Akaweka kikombe chini.

"Rudi nyumbani, ndugu yangu," alisema. "Kosa moja haliachi mke. Gari likiharibika watasema ni barabara. Nani atakumbuka mkebe?"

"Na akiumia mlimani?"

"Basi mwambie ana bahati, umekuja kumpa sevisi ya bure. Kwa nini ujivue nguo mbele ya mteja? Kesho soko zima litasema wewe hujui kazi."

Sitawaficha, maneno yake yalinikaa. Sevisi ya bure! Ilikuwa tamu kuliko hotuba zangu zote tatu. Jina la duka nilikuwa nimelijenga kwa miaka, na Hamisi hakuwa mtu mbaya, alikuwa akinihurumia. Nilimaliza chai, nikamshukuru, nikaondoka bila kumwambia nitafanya lipi, kwa kuwa mwenyewe sikujua.

Kutoka Rongo barabara huinama kuelekea ziwani. Joto huongezeka, mashamba ya miwa hupungua, na ng'ombe hujiona ndio wenye barabara. Saa tano kasoro niliona mlima Asego, halafu ziwa, na magugu ya maji yamelifunika upande mmoja mpaka ukadhani ni malisho. Nilimkuta Mama Adhiambo uani kwake, karibu na soko, akiosha makasha ya samaki. Pikapu ilikuwa chini ya kivuli cha mabati.

"Jaduka! Umepotea njia?"

Nikafungua mdomo. Hotuba zote zilinikimbia.

"Mama, nilikuuzia oili mbaya," nikasema. "Si mbaya yenyewe. Ni ya difu, mimi nikakwambia utie na kwenye gia boksi. Inakula gia yako. Nimekuja kuitoa."

Alisuuza kasha alilokuwa nalo, akaliinamisha likauke.

"Ndio maana gia ya pili inalia," alisema. "Mimi nikafikiri ni mkono yangu imezeeka. Ile wiki imepita ilikataa kuingia, pale kwa mteremko. Niliita jina la mama yangu."

Nilimwomba radhi, akanikatiza.

"Fanya kazi kwanza. Kesho naenda."

Aliizungusha pikapu mjini mpaka oili ikapata moto. Nikalala chini, nikafungua nati. Oili ilitoka na harufu yake ya kiberiti, ikajaa karai, nayo ilimetameta. Si kama ile ya Masara, lakini ilimetameta. Nilitia kidogo namba nne ya kusafishia, tukaizungusha tena, nikamwaga, kisha nikajaza mpaka oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, ndiyo dalili kuwa imetosha. Difu sikuigusa. Kule namba tano ilikuwa nyumbani kwake.

Adhuhuri aliniwekea ngege, samaki wa ziwani, wa mchuzi na kuon, ndiyo sima yao. "Kula," alisema. "Mimi sigombani na mtu ana njaa." Nilikula kwa aibu, nikamaliza yote.

Nilipokuwa nikinawa, alichukua mkebe wa namba tano aliokuwa akiwekea chumvi, akaukung'uta, akanipa.

"Hapa wameandika nini?"

Chini ya ile namba kubwa palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Nikayasoma kwa sauti, nikiyatafsiri polepole: ya difu, isitiwe kwenye gia boksi yenye shaba. Yalikuwa pale siku zote.

"Ulikuwa umeisoma?"

"La, Mama. Nilisoma namba."

Aliniangalia usoni kama siku ile dukani.

"Basi tulikuwa wawili," alisema. "Mimi sijui kusoma, na wewe hujui kusoma."

Nilirudi Suna jioni, jua likiwa upande wa ziwa. Rongo nilipita bila kusimama. Ijumaa alikwenda Kisii na akarudi salama. Dereva mmoja wa lori alinipa habari Jumamosi. Wiki hiyo nilisoma kila mkebe uliokuwa dukani, maandishi makubwa na madogo, nikagundua kuwa kwa miaka nilikuwa nimeuza namba zilizoandikwa juu yake tu, si kilichomo ndani.

Pikapu ile ilidumu miaka mingi. Lakini kidogo kilicholiwa hakirudi, na gia yake ya pili haikuacha kulia. Kila Mama Adhiambo alipokuja Suna kununua oili niliisikia ikipanda kutoka stendi kabla sijaiona, na moyo ulinishtuka kila mara. Aliingia, akachagua mkebe, akauweka mbele yangu, akafunga mikono kifuani.

"Soma," alisema.

Nami nilisoma, mpaka neno la mwisho, na foleni ikingoja.