Ubao wa Mlango wa Shangazi

Shangazi hakuwahi kusema kwamba yeye ni daktari. Watu ndio waliosema, naye hakuwa na nafasi ya kuwasahihisha. Alikuwa afisa wa kliniki, mtabibu wa ngazi ya chini ya daktari. Aliisomea kazi hiyo, akaifanya miaka mingi katika hospitali ya serikali huko Bungoma, kisha akahamia Kitale na kufungua chumba cha matibabu karibu na maghala ya mahindi. Ubao wa mlangoni niliuandika mimi. Herufi nilijifunza peke yangu kwa kunakili kalenda na magunia ya mbegu, na kwa kuwa kila mgonjwa alimwita Daktari, niliandika DAKTARI kwa rangi nyekundu, herufi zote zikatoshana.

Asubuhi moja akaja mkaguzi kutoka baraza linalotoa leseni. Alitazama cheti cha shangazi, dawa, hata sinki, akaridhika. Kisha akatoka nje, akainua macho.

"Mama, leseni yako haisemi hivi."

"Najua."

"Naenda Saboti. Nikirudi nikute neno hili, nitafunga."

Shangazi alinitazama bila hasira. "Andika Afisa wa Kliniki," akasema, akarudi kwa wagonjwa.

Nilipaka ubao wote rangi nyeupe. Kwenye benchi, mzee mmoja aliyetoka Sirisia alinifuatilia kwa macho.

"Ati sasa tutamwita nani?"

"Afisa wa kliniki, mzee."

"Hiyo ni refu, bana. Mtu wa pumu atazimia katikati."

"Si umwite tu mayi, mama kwa lugha ya kwetu," akasema mwanamke aliyempakata mtoto, na benchi lote likacheka.

Mimi sikucheka. Nakiri kwamba niliogopa kukosea zaidi kuliko nilivyoogopa kuchelewa. Neno moja lilikuwa limeujaza ubao, na sasa yalihitajika matatu. Rangi ilipokauka nilipima kwa uzi, nikachora mistari kwa chaki, nikafuta, nikachora tena. Jua lilipanda. Vumbi la mahindi lilielea kutoka maghalani, jeupe, na Mlima Elgon kwa mbali ulionekana kama kitu kilichowazwa tu, hakijaumbwa bado. Ubao nao ulikuwa hivyo: safi, kama asubuhi ambayo hakuna aliyezungumza. Nilitamani ubaki vile. Hofu ilinitoka taratibu, nikasahau kwamba nasubiriwa.

Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa nyuma yangu. Sikuwa nimeandika hata herufi moja.

Shangazi akatoka, glavu mikononi. "Bado?"

"Nilitaka ikae sawa," nikasema.

Nilijua wagonjwa wote wale wangerudishwa nyumbani kwa sababu yangu. Mkaguzi aliutazama ule weupe.

"Ubao haudanganyi tena," akasema. "Lakini pia hausemi kitu, na mgonjwa ana haki ya kujua anatibiwa na nani." Akamwomba mzee asogee, akaketi kwenye benchi. "Andika. Nangoja."

Niliandika mbele yao wote, bila uzi. Mstari ulipanda kama njia ya mlimani, na neno la mwisho likabanwa ukingoni.

Mkaguzi alisoma kwa sauti, polepole. "Inasomeka," akasema, akagonga muhuri wake kwenye fomu ya ukaguzi.

Alipoondoka nilitaka kufuta nianze upya. Nikainama kulitafuta kopo la rangi nyeupe, lakini shangazi alikuwa ameshalichukua na kuingia nalo ndani.