Nusu Tangi

Ndugu yangu mdogo aliangusha boza la maji, lori lenye tangi, kwenye kona moja ya Lavington, mchana kweupe, barabara ikiwa kavu. Lori lililalia ukuta wa nyumba ya watu, na ukuta ukamwangukia soja, mlinzi wa nyumba hiyo, aliyekuwa ameketi upande wa pili, karibu na geti. Mguu wa yule mzee ulivunjika vibaya. Ndugu yangu alitoka na mkwaruzo tu kwenye paji la uso, na nadhani angependa kuvunjika yeye.

Mwenye lori, mfanyabiashara wa Kinoo, alimfukuza kazi kabla hata lori halijainuliwa. "Ulikuwa unakimbia," alimwambia. Polisi nao waliandika vivyo hivyo, wakamshtaki kwa kuendesha ovyo. Ndugu yangu alishikilia kwamba alikuwa akienda polepole. Akarudi Satellite, kwenye nyumba ninayoishi na mama, akawa analala kwenye kochi uso umeelekea ukutani. Mama alimwekea chakula, naye akawa anakigeuzageuza tu kwenye sahani.

Mimi huchora matangi. Ndiyo kazi yangu, katika ofisi ndogo katikati ya jiji: matangi ya maji, ya maziwa, ya mafuta, nayachora kwa kompyuta kabla mafundi hawajakata bati. Nikamwambia nitalichora lile boza, tuone maji yalifanya nini siku ile. Alikaa wima kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Utawaonyesha sikuwa nakimbia?"

"Nitaonyesha kilichotokea. Tangi lilikuwa na maji kiasi gani?"

"Ilikuwa imejaa. Mpaka juu."

Nilifanya kazi hiyo saa za chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Kuchora tangi si shida. Shida ni maji, maana hayana umbo lake yenyewe. Unalikata tangi kwa bapa moja, uso tambarare kama kioo, na kuamua kwamba kila kilicho chini ya bapa ni maji. Lori likikata kona, maji husukumwa upande wa nje, kwa hiyo unaliinamisha bapa. Lakini ukiliinamisha, ujazo unabadilika, na maji hayawezi kuongezeka kwa sababu ya kona. Inabidi ulipandishe na kulishusha bapa hadi ujazo urudi ulivyokuwa, ndipo uone uzito umehamia wapi.

Tangi lililojaa halikunisaidia. Maji hayakuwa na pa kwenda, na kwa mwendo alionitajia ndugu yangu, lori lilisimama imara. Niliongeza mwendo, bado likabaki wima. Nilipofika mwendo walioandika polisi, likaanguka.

Sijui kwa nini sikuifunga kompyuta pale pale. Labda sikutaka kurudi nyumbani na jibu lile. Nikaanza kuyapunguza maji. Yalipofika nusu, yalikimbilia upande mmoja wa tangi yakiwa na nafasi tele, uzito ukayafuata, na magurudumu yakanyanyuka kwa mwendo mdogo kabisa, ule ule aliokuwa akiutaja tangu mwanzo.

Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akianua nguo za mama. "Tangi halikuwa limejaa," nikasema.

Alikunja shuka, akaikunja tena. Kisha akasema, "Sista, usimwambie mama."

Alikuwa na mchumba Kinoo, mwenye saluni. Mifereji ya kwao ilikuwa imekauka kwa wiki nyingi, na wateja walikuwa wamemkimbia. Asubuhi ile ndugu yangu alipitia kwake kabla ya kwenda Lavington, akamjazia mapipa yote, na ya majirani zake pia. Tajiri wake hakujua. Ndiyo maana alisema limejaa, akawaambia polisi limejaa, akaniambia na mimi.

"Nikisema ukweli mimi ni mwizi. Nisiposema, mimi ni dereva wa kuua watu. Wewe ungesema gani?"

Nilimwingiza ndani, nikafungua kompyuta. Nilimwonyesha mchoro. Akayatazama maji yakihama, akaomba niyarudishe, akayatazama tena. "Kumbe si mikono yangu," alisema. Akaongeza, "Lakini ni mimi niliyeyapunguza."

Hakungoja nimshauri. Kesho yake tulikwenda Kinoo na kompyuta yangu. Mwenye lori aliutazama mchoro mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hukuwa unakimbia."

"Hapana."

"Ulikuwa unaniibia."

"Ndiyo."

Akatuonyesha mlango. Ndugu yangu alikwenda pia kituoni akaandikisha taarifa nyingine, na baadaye lile shtaka la kuendesha ovyo likaondolewa. Mwenye lori hakumshtaki kwa ajili ya maji, ila aliwaambia wenzake, na hadi leo hakuna mwenye boza anayemchukua. Mama alipopata habari alimaliza kula, akaondoa sahani. Halafu akasema, "Afadhali ungekuwa unakimbia." Hilo ndilo lililomuumiza ndugu yangu kuliko yote.

Nilimsindikiza kwa soja. Mzee alikuwa kitandani, mguu kwenye plasta. Ndugu yangu alimweleza kila kitu: saluni, mapipa, jinsi maji yalivyohama. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema mguu unauma vile vile.

Ndugu yangu bado humtembelea baada ya ibada za Jumapili. Hawazungumzi sana.