Mkwe Wangu wa Kwenye Kona ya Makala

Mbio zetu za Jumamosi ni za bure, na hilo ndilo lililotusumbua tangu mwanzo. Kenya yetu ni komine, yaani mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi ya wakimbiaji, na huku kitu cha bure lazima kiwe na mwenyewe. Watu walikuja asubuhi na sandali za mpira, wakauliza ni mheshimiwa gani analipa na fulana zinagawiwa upande gani. Nikawaeleza kwamba hakuna mheshimiwa, hakuna fulana, mnakimbia mpaka sokoni, mnarudi, kila mtu anakwenda kwake. Wakatazamana. Papa mmoja, mzee wa mtaani, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimemeza dawa zangu. Lakini alikimbia, na Jumamosi iliyofuata akaja na wajukuu.

Kazi yangu ni kupanga watu. Nilikuwa mkuu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu, sauti haijastaafu. Wale wanaojitolea, sisi tunawaita mabenevole, kila mmoja nampa jile, kizibao cha rangi ya chungwa, na fasi yake ya kusimama. Hapo ndipo vita vinapoanza. Wote wanataka mstari wa kuanzia, kwenye filimbi na picha. Mwimbaji wa kwaya anataka filimbi, katekista anataka filimbi. Ile kona ya mbali, kwenye depo la makala, ghala la mkaa, ambako vumbi jekundu linakuingia mpaka kwenye meno na hakuna anayekupiga picha, haikutakiwa na mtu.

Isipokuwa mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa amerudi kwangu na mizigo yake tangu mvua zilipokwisha. Hakupigwa, hakulala njaa. Alichoka na kimya. Dada za mume wake walikuwa wanakuja kumsema ndani ya nyumba yake mwenyewe, leo upishi, kesho tumbo lisiloshika mimba, na mume anaangalia bukari yake, ugali wetu, mpaka wamalize. "Mama, ule bwana hana mudomo," aliniambia mlangoni, kabla hata ya kutua mizigo. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanangoja neno langu: arudi, au ndoa ife. Neno nilikuwa nimekwisha kulitayarisha, na halikuwa zuri kwa yule bwana.

Sasa angeniomba vipi nimrudishie mke? Watu wake wametoka kaskazini ya Katanga, watoto wa wafanyakazi wa reli. Sisi tumetoka Kasai. Kwa mapishi tunabishana, kwa heshima ya ukwe hatubishani hata kidogo. Mkwe hamsemeshi mama mkwe, hamgusi, hamwangalii machoni. Wakikutana njiani anapisha na kugeuka. Basi akaja kuomba jile. Akachagua fasi iliyo mbali nami kuliko zote, na kila Jumamosi akasimama hapo mpaka mtu wa mwisho apite. Nilijua amefuata nini. Nikajifanya sijui, maana moyo wangu ulikuwa umejifunga.

Nikiwa na agizo, nilimpa mama wa maji, yule anayetuletea mabido, madumu ya maji ya kunywa: amwambie wa pa kona asiache watoto wakate njia. Mara nyingine huyo wa pa kona alikuwa amesimama hapo hapo karibu, anasikia yote, anaangalia mti. Mama wa maji alimrudilia kila neno, kisha akaniletea jibu, ambalo sikuzote lilikuwa ndiyo. Nisidanganye, alikuwa benevole bora kuliko wote. Hakuomba filimbi hata siku moja.

Jumamosi moja ya baridi, uvumi ukatembea kwamba safari hii fulana zipo. Wakaja watu wa Kenya nzima, wakaja na wengine waliosema wametoka Kipushi, na fanfari moja ya kanisa, matarumbeta na ngoma kubwa, ambayo haikualikwa na mtu. Nilipopuliza filimbi, umati ukamwagika kama maharage kwenye gunia lililotoboka, nusu wakimbiaji, nusu watafuta fulana. Punde habari ikafika kwamba kona imeziba na watu wanapita popote. Mama wa maji alikuwa kwenye matanga ya jirani, sikuwa na wa kumtuma. Nikaenda mwenyewe, na hasira yangu.

Mkwe aliponiona nakuja, alifanya anachofanya kila kijana aliyelelewa vizuri: aliacha katikati ya barabara, akaenda pembeni, akanigeuzia mgongo na kutazama mlango wa depo. Heshima si utumwa, wanasema, lakini siku ile ilituachia kona bila mtu. Nikaingia mimi katikati, mikono nimeinyoosha, nagombeza watu washike upande wa kulia. Fanfari nayo ikafika. Tarumbeta zikawa juu ya kichwa changu, sikusikia kitu kingine.

Nyuma yangu lori lilikuwa linatoka depo kinyumenyume, limejaa magunia hata dereva haoni nyuma. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anautazama mlango ule.

"Mama! Toka pale! Toka, minasema!"

Nilifikiri ni mtu mwingine. Sauti ile sikuwa nimeisikia hata siku moja. Mkono ukanikamata juu ya kiwiko, ukanivuta mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na lori likapita pale pale nilipokuwa nimesimama. Debe tuliloweka kuwa alama ya kona likawa bapa kama sahani. Yeye akaendelea kupiga kelele, kwa dereva, kwa matarumbeta, "Bantu bote nyuma!" na wote wakarudi nyuma. Hata mimi nilirudi. Niliogopa, sifichi, nikashika ukuta wa depo.

Kisha akaona mkono wake uko wapi. Akauachia wangu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akavua jile, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe, akaondoka akitazama chini. Amemfokea mama mkwe na kumshika mbele ya komine nzima: alidhani ndoa ameimaliza mwenyewe.

Jioni mjomba wake akaleta kuku wa kuomba radhi, pamoja na hotuba. Kuku nilimpokea, hotuba nikaikata katikati.

Binti yangu alikuwa jikoni anachambua matembele. Akauliza kuku ametoka wapi.

"Bwana yako amenipigia kelele," nikasema.

Akaacha kuchambua. "Yeye? Alisema nini?"

Nikamwambia kila neno, pamoja na mkono, na fanfari iliyorudi nyuma. Akausukuma ungo wa majani pembeni.

"Mama, rudilia."

Nikarudilia.

Wazee walipokuja kuchukua neno langu, niliwapa chai tu, lile neno nililotayarisha sikulitoa. Na Jumamosi iliyofuata jile haikuwa kwenye kamba nilipoianika, wala binti yangu hakuwa jikoni. Mama wa maji aliporudi kutoka kona, aliniambia kule wako wawili na jile moja, wanavaa kwa zamu. Nikampa ya pili awapelekee. Mimi sikwenda kuangalia. Mama mkwe haendi kuangalia mambo kama yale.